Waliopinga: Hakuna

Werugha
4 Machi 2024

Wakio mdogo wangu,

Nzembi akikuletea gunia hili, toa kabeji za juu kwanza. Barua iko katikati, nimeitia ndani ya pakiti ya unga. Ile ya mwezi uliopita uliniambia ilifika imelowa umande, hata jina lako likawa doa. Kabeji nimepakia nane. Nimemwambia Nzembi hizo ni za nyumbani si za biashara, lakini namjua, atachomoa mbili aende nazo sokoni Voi. Mwache. Kutoka kwao Marungu kupanda mpaka huku kutafuta mboga na kushuka tena, hiyo si kazi ya mtu mvivu.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi. Mdomo haumsumbui kabisa. Hapa amenisimamia, naona midomo yake ikienda, anasema nikwambie uolewe. Haya, nimekwambia.

Sasa neno lenyewe. Jana kanisani mchungaji aliandika tangazo ubaoni, huwa ananiandikia mimi, Mungu ambariki, kwamba sheria mpya ya maji imepita na aliyeiandika ni mtoto wa hapa. Kanisa zima likageuka kuniangalia. Nikatabasamu kama mtu anayejua, kumbe sijui lolote. Mama akasimama akapiga makofi peke yake, na hakuacha mpaka Mzee Mwandawiro, msimamizi wa mfereji wetu, alipomshika mkono akakaa.

Mbona hukuniambia? Na niambie kwa Kiswahili cha watu: mfereji wetu uko salama? Unajua nauliza nini. Bila yale maji, haya matuta ya baba ni mawe yaliyopangwa tu. Mimi ni kiziwi, Wakio. Hakuna ofisi itakayoniajiri. Kabeji haiulizi kama unasikia.

Usinijibu kwa simu. Ujumbe wa simu ni sukuma wiki iliyokatwa na mtu mwenye haraka. Nataka barua nimsomee Mama. Anasema nasoma kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mimi nitajuaje? Tangu ile homa ya uti wa mgongo, nikiwa na miaka kumi na mmoja, sijaisikia sauti yangu.

Dada yako,
Mable


Voi
13 Machi 2024

Dada Mable,

Kabeji zilifika sita. Nzembi anakusalimu.

Mama, shikamoo. Nitaolewa. Nipe muda.

Sikuwaambia kwa sababu niliogopa. Mswada ulirudishwa mara nne, na kila ukirudi nilijua umekufa. Ofisi yetu ya mawakili ilipewa kazi ya kuuandika, wakubwa wangu wakaniachia mimi kwa kuwa ni wa huku na naelewa habari za mifereji. Miaka miwili, dada. Jumamosi zote ulizoniuliza kwa nini siji nyumbani, ni hizo.

Nilikwenda Marungu nikakaa siku tatu, nione mwenyewe. Wanawake wanachimba mchanga wa mto mkavu kwa sufuria, kisha wanakaa wakingoja maji yajae, wanayachota kijiko kwa kijiko. Ndovu wakija, wanaondoka wawaachie. Mama mmoja aliniambia hajawahi kuosha nguo zake zote siku moja tangu aolewe. Nilipoaga walinifungia mayai kumi. Nilishindwa kuyala, na nilishindwa kuyakataa. Ile sheria niliiandikia watu kama hao.

Lakini na ninyi niliwaandikia. Kifungu cha kumi na tisa nimekipigania mimi: hakuna maji ya chemchemi yatakayopelekwa kwingine bila ridhaa ya wakulima wa mfereji, itolewe barazani mbele ya watu. Wengi hawakukitaka. Kuna maneno mengine ya kiofisi yanafuata hapo, nisikuchoshe nayo. La maana ni hili: bila ninyi kusema ndiyo, hakuna bomba.

Kwa hiyo lima. Lala usingizi. Mwambie Mama nimeyasikia makofi yake hadi Voi.

Mdogo wako,
Wakio


Werugha
12 Julai 2024

Wakio,

Wamekuja. Bomba wanataka litoke kwenye chemchemi yetu lishuke mpaka Marungu.

Barua ya chifu ilifika Jumanne, baraza likawa Alhamisi, yaani jana. Siku mbili tu. Sisi tulikuwa tumepanga kupanda Jumamosi kwenye jicho la mfereji tukatase kwanza. Unakumbuka kutasa, au Voi imekufuta? Unachota maji pale yanapotokea, unajaza kinywa, unasema moyoni lililokukera, halafu unayapuliza chini yatoke nalo. Hakuna anayemtasia mwenziwe, kila mtu na kinywa chake. Na asiyetasa hazungumzii maji. Ndiyo desturi ya mfereji wetu tangu babu: maji yakisemwa kwa hasira, yanakimbia. Ndiyo maana hatujawahi kupigania zamu, na huo mfereji haujawahi kukauka tukiuona.

Na hasira ilikuwepo, Wakio. Watu walikuwa wamejaa mpaka hapa. Binamu yetu Hillary alitaka kwenda na panga. Basi Mzee Mwandawiro akapita nyumba kwa nyumba usiku wa kuamkia baraza: kesho mtu asifungue mdomo. Twendeni wote, tukae, tunyamaze, wageni waone mioyo yetu haijawa tayari. Watarudi siku nyingine. Mtu yeyote wa milima hii akikuta watu mia wamekaa kimya anajua ameambiwa hapana, anachukua kofia yake anakwenda.

Tukaenda. Kulikuwa na mkubwa wa idara ya maji, na mpima ardhi, na karani mwenye kompyuta. Mkubwa akauliza, akauliza tena. Nilizungusha macho pande zote. Hakuna mdomo uliotikisika. Hata Mama, hebu fikiria. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nilikaa mkutanoni nisipitwe na neno.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Yule karani alikuwa akiandika. Anaandika nini, na hakuna aliyesema?

Waambie huko kwenu warudi wiki ijayo. Kesho tunatasa, baada ya hapo tutazungumza nao vizuri. Si kwamba tunawanyima watu wa Marungu. Nzembi ni wa Marungu na anakula hapa kwangu. Ila mtu huombwa.

Mable


Voi
24 Julai 2024

Dada,

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Samahani hii ni fupi, nina kesi mbili Mombasa wiki hii.

Kuhusu karani usijali. Kumbukumbu za baraza zina utaratibu wake. Lazima zipitiwe na wakili aone kama sheria imefuatwa, ndipo zipigwe muhuri.

Ndani ya kifurushi kuna dawa ya kuchua magoti ya Mama, apake asubuhi na jioni, na leso. Leso ya kijani ni yake, nyekundu ni yako. Msigombane.

Huku joto limepungua kidogo.

Wakio


Werugha
7 Februari 2025

Wakio,

Nilikuandikia Septemba, nikakuandikia Novemba. Ulijibu mara moja, mistari minne, kwamba uko safarini. Safari gani ya miezi mitano? Sikulaumu, wakili ni mtu wa watu. Lakini sasa soma hii mpaka mwisho.

Mfereji umekauka.

Walianza kuchimba Septemba. Mzee Mwandawiro akawauliza, nani amewaruhusu? Wakamwambia, ninyi wenyewe. Wakamtolea karatasi. Amenipa niishike, nimeisoma mara nyingi hata naijua kwa moyo. Waliohudhuria: 143. Waliopinga: hakuna. Chini kuna muhuri, na sahihi ya wakili aliyethibitisha, nakala yenyewe imefifia haisomeki. Mzee alikaa chini palepale kwenye udongo. Aliniambia, Mable, mimi ndiye niliyewaambia wanyamaze. Tangu siku hiyo haji kanisani.

Walisema watachukua theluthi tu. Lakini waliipima chemchemi mwezi wa Mei, masika, maji yanaruka kama ndama. Theluthi ya Mei ndiyo maji yote ya Januari. Mvua za vuli nazo zilikuwa za kunyunyiza tu. Jicho lenyewe wamelijengea saruji na kulifunika, na kufuli juu. Ufunguo uko ofisini kwao.

Kabeji zangu zimekataa kufunga. Zimetoa majani matupu, zikatazama juu, zikakauka. Ng'ombe wa Mama tumemtoa, amechukuliwa na mtu wa Ndara, maana majani hakuna na mimi siwezi kubeba maji ya ng'ombe kutoka bondeni. Sasa kila asubuhi Mama anashuka na fimbo yake mpaka mferejini, anainama, anaokota majani makavu na vijiti ndani yake, anasafisha. Nikimuuliza anasema, maji yakirudi yapate njia.

Wewe unawajua mawakili wa huko. Mtafute huyo aliyetia sahihi. Sitaki afungwe wala nini. Nataka umuulize kitu kimoja: alidhani watu mia na arobaini na watatu walipanda mlima ule kufanya nini, kama hawakuwa na neno?

Dada yako,
Mable


Voi
19 Februari 2025

Dada Mable,

Kuna karatasi mbili. Ile ndogo msomee Mama. Hii ni yako peke yako. Nakuomba kwa jina la baba, usimsomee Mama.

Wakili uliyeniambia nimtafute ni mimi.

Yale maneno ya kiofisi ambayo sikutaka kukuchosha nayo, sasa yasome. Kifungu cha kumi na tisa, sehemu ya pili: baraza ambalo hapana aliyepinga litahesabiwa kuwa limeridhia. Niliyaandika mimi, jioni moja, kwa sababu kamati ilikuwa imeniuliza, watu wakikataa kujibu je? Nilikuwa nimeona miradi ikifa hivyo miaka na miaka, watu wanaitwa, wanakaa, wanakwenda nyumbani, na wanawake wanarudi kuchimba mchanga. Nikaona nimepata dawa. Nilikuwa nikiwafikiria watu wengine wote, dada. Watu wangu sikuwafikiria. Nilikuandikia kwamba bila ninyi kusema ndiyo hakuna bomba, na haikuwa kweli.

Kisha zikaja kumbukumbu za Werugha, mezani kwangu, maana ndimi wakili wa kuzithibitisha. Barua yako ya baraza nilikuwa nimeisoma siku moja kabla. Zilikaa pamoja pale mezani, yako na ya karani. Kati ya watu wote walioishika ile karatasi, mimi peke yangu nilijua kunyamaza kwenu ni nini. Karani hakujua. Mkubwa wao hakujua. Mimi nilijua.

Nikatia sahihi.

Nitakwambia kwa nini, ingawa haitoshi. Niliogopa kusemwa. Ningerudisha ile karatasi, wangesema mtoto wa Werugha anawapendelea wa kwao, na sheria yenyewe ingechafuka kabla haijatembea. Marungu walikuwa wamekwisha kujenga tangi. Nikajiambia ni theluthi tu, mtabaki na maji ya kutosha, na nikija Krismasi nitawaeleza. Krismasi sikuja. Kila nilipokaa kukuandikia ukweli, nilijikuta naandika habari za joto.

Sikuombi unisamehe. Naomba tu ulisikie kutoka kwangu.

Wakio


Werugha
3 Machi 2025

Wakio,

Karatasi zote mbili zimefika.

Nzembi anarudi na gunia tupu, kabeji hakuna.

Usije kwanza.

Mable


Voi
16 Juni 2025

Dada Mable,

Uliniambia nisije kwanza, nikatii miezi mitatu. Hilo sasa naliona ni kosa langu la pili. Nilijiambia nakupa nafasi. Kumbe nilikuwa naogopa uso wa Mama. Hillary alipopiga simu alfajiri ile ya Jumatatu nilijua kabla sijapokea.

Wiki nzima ya matanga nililala chumba chetu cha zamani, nikaosha sufuria na wake za wajomba, nikasalimiwa kama mgeni aliyekuja na gari. Mara tatu nilikukaribia. Mara tatu ulifumba macho. Wengine walidhani unaomba. Mimi nakujua tangu tulale kitanda kimoja: ukifumba macho, umefunga mlango, na hakuna wa kuubisha. Pale kaburini nilikuwa nimesimama nyuma yako nikisema, dada, dada. Mtu mmoja akanionea huruma, akaniambia, huyo hasikii. Kana kwamba sijui.

Nataka kukuuliza mambo mawili, ukitaka ujibu, usipotaka ninyamazie, nitaelewa.

La kwanza, Mama alijua? La pili, aliniachia neno lolote?

Huku nimeandika marekebisho. Ni mstari mmoja: kunyamaza si kuridhia. Mwakilishi wadi mmoja amekubali kuupeleka. Wengine wanasema utakwamisha miradi yote, kwamba watu watakaa kimya miaka kumi. Huenda. Naenda kwenye bunge la kaunti kila Jumanne, nakaa kwenye benchi ya wageni, wamekwisha kunizoea. Lakini nisikudanganye tena. Hata ukipita, sheria haitembei kinyumenyume. Hautafungua ile kufuli. Na mimi siwezi kwenda kuomba Marungu wafungiwe, maana nimeyaona yale mapipa na mitungi yakipangwa, nimemwona yule mama wa nguo akizianika zote kwa siku moja. Alinikimbilia akanikumbatia. Nilisimama tu kama mti.

Kila kitu nilichokifanya kimemfaa mtu, dada. Ila si wewe, na si Mama.

Mdogo wako,
Wakio


Werugha
5 Julai 2025

Wakio,

Umeuliza mawili. Nitakujibu yote, na utanijua mimi pia.

Alijua. Ulisema kwa jina la baba nisimsomee. Nilimsomea. Siku ileile karatasi ilipofika, tena ile kubwa kwanza, kwa ile sauti yangu ya kuita ng'ombe, hata Hillary akasimama barabarani akasikiliza. Sikumsomea kwa kuwa ana haki ya kujua. Nisijipambe. Nilimsomea kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka mtu mwingine aumie pamoja nami.

Hakulia. Alikaa na mikono mapajani. Halafu niliona midomo yake ikisema, yule niliyempigia makofi. Basi.

Na usije kwanza, hilo pia ni langu. Mama hakulisema. Kila Jumamosi aliniuliza, Wakio haji? Nami nilimjibu, ana kazi nyingi. Miezi mitatu, Wakio. Alikuwa akivaa ile leso ya kijani Jumamosi, jioni anaivua anaikunja.

Neno alilokuachia ni hili. Mwezi wa Mei ulipoisha alianguka, hakuamka tena kitandani. Aliniita, akanishika kidevu ili nimtazame vizuri, akasema, niletee maji ya mfereji nitase, sitaki kufa na mtoto wangu kooni. Nikakimbia kwenye tangi la mvua nikamletea kikombe. Akayaonja, akayameza. Akasema, haya ni ya kunywa. Nikamletea ya bomba la kanisani. Akayameza nayo. Alitaka yale yaliyomkasirisha, ya jicho letu. Na jicho lina kufuli.

Nilipanda mpaka kule na Hillary. Tulikuta saruji kavu. Ukiweka kiganja unasikia yanapita chini, yanatetemesha mkono. Mimi nisiyesikia kitu nilisikia hayo. Hillary akataka kupasua kwa jiwe, nikamzuia, nikamwambia dada yako ni wakili, usimletee kesi. Yaani hata siku ile.

Ndipo nikamwambia Nzembi. Akashuka Marungu jioni ileile. Akapanga foleni kwenye kibanda cha maji kama mtu mwingine yeyote, maana yale yanayotoka pale ndiyo yetu. Akajaza mtungi mdogo wa lita tano, akaubeba mpaka Voi, akaupandisha mpaka huku. Alifika Jumanne asubuhi. Mama alikuwa ameondoka Jumatatu.

Aliuweka jikoni, akapiga magoti hapo hapo. Nilisoma midomo yake polepole kwa sababu alikuwa akilia. Alisema, dada Mable, sisi tuliambiwa ni maji ya serikali. Hatukujua ni ya watu. Tungejua tungepanda kuja kuwaomba. Nikamwambia, na sisi tungewapa. Na ni kweli, Wakio. Siku ile ya Jumamosi baada ya baraza, tulipomaliza kutasa, Mzee Mwandawiro alisimama akauliza, tuwape Marungu siku ngapi? Tukakubaliana siku mbili kwa wiki, na kiangazi siku moja. Tulikaa wiki mbili tukingoja warudi tuwaambie. Sikukuandikia hilo kwa kuwa nilitaka ulisikie barazani, ufurahi.




Hapo juu kulikuwa na mistari mitatu. Ndiyo yote niliyokuwa nimeyaweka kwako tangu Februari, na mengine tangu zamani, tangu ulipokwenda shule ukaniacha na jembe. Nimeyaandika kwa wino, nikayasoma kwa sauti mara moja. Kisha nikaufungua ule mtungi ambao umekaa jikoni mwezi mzima bila kuguswa, nikajaza kinywa, nikayapuliza juu yake. Karatasi imekunjamana na meza imelowa. Yaliyofutika usiniulize, na mimi sitayakumbuka.

Hayo ni yangu kwako. Niliyomtendea Mama sina maji ya kuyatoa. Na hasira ya Mama imebaki palepale alipoiacha, hakuna wa kumtasia. Hiyo tutaibeba wawili mpaka tuzeeke.

Mtungi umebaki nusu. Njoo Jumamosi na kinywa chako. Usilete mboga kutoka Voi, nitaona aibu. Ukifika shuka kwanza mferejini, majani yamejaa tena na sasa hakuna anayeyaokota.

Dada yako,
Mable